Maswali na Majibu: Amri Zako Zimefika?

Maswali ya safari hii yanahusu michezo ya vita na chesi inayochezwa kwa posta na barua pepe. Yale yanayojirudia kila mara yamepata jibu fupi linalostahili.

Allan Calhamer ndiye aliyeanzisha Diplomacy ya posta?

Siye. Calhamer aliubuni mchezo wenyewe, mchezo wa ubao ambao mataifa saba ya Ulaya hupigana na kufanya mapatano, na mwaka 1959 akauchapisha kwa gharama yake, nakala 500. Aliyeuingiza kwenye bahasha ni John Boardman wa Brooklyn, New York, mwaka 1963, kupitia kijarida chake Graustark. Ndiyo maana hadi leo kumbukumbu za michezo ya posta hutumia namba za Boardman: mwaka na herufi, kama 1963A.

Mchezo huu uliikubali posta kwa sababu hauna zamu za kupokezana. Wachezaji saba huandika amri kwa siri, zikafunguliwa kwa pamoja. Kwa hiyo bahasha saba humwendea mwamuzi, naye hutoa tokeo moja kwa wote. Barua nyingine zote, za kubembeleza, kuahidi na kudanganya, huenda kati ya wachezaji wenyewe. Anayetuma amri tu bila kuwaandikia majirani zake hachezi Diplomacy. Anajaza fomu.

Nimeandika “F Edi-Nor” na mwamuzi kaniambia meli imesimama. Ananionea?

Hakuonei. Swali hili linarudi kila mara, na kila mara muulizaji anajiona wa kwanza kudhulumiwa. F ni meli, A ni jeshi, na herufi tatu ni kifupi cha jina la mahali, kama Edi kwa Edinburgh. Kutoka Edinburgh meli inaweza kwenda North Sea au Norwegian Sea, na “Nor” inaangukia zote mbili. Mwamuzi hana kazi ya kusoma mawazo yako. Andika Nth kwa North Sea, Nwg kwa Norwegian Sea na Nwy kwa Norway. Ukiwa na shaka, andika jina zima. Wino haujapanda bei kiasi hicho.

Tena hasara haiishii hapo. Tuseme ni majira ya kuchipua 1901, mchezo ndio unaanza, na wewe ndiye Uingereza. Umeandika pia “A Lvp-Edi”, jeshi la Liverpool kwenda Edinburgh. Kwa kuwa meli haikutoka Edinburgh, jeshi lako nalo linagonga mwamba na kubaki Liverpool. Meli ya London imefika North Sea salama, lakini msimu wa pili haiwezi kulivusha jeshi hilo hadi Norway, maana Liverpool iko pwani ya magharibi na haipakani na North Sea. Herufi tatu zimekula amri mbili na kuvuruga mpango wa mwaka mzima.

Angalia pia “Liv”, ambayo ni Liverpool au Livonia, na “Tyr”, ambayo ni Tyrolia au Tyrrhenian Sea. Na meli inayotoka Constantinople kwenda Bulgaria, au Mid-Atlantic kwenda Spain, lazima itajiwe pwani: ya mashariki au ya kusini kwa Bulgaria, ya kaskazini au ya kusini kwa Spain. Usipoitaja, meli haitoki.

Nimechelewa saa mbili tu. Naweza kutuma sasa?

Hapana.

Ni kweli watu walikuwa wanarusha dadu kwa kutumia soko la hisa?

Kweli kabisa, na ilikuwa njia safi kuliko nyingi za leo. Kampuni ya Avalon Hill iliuza vifaa vya kuchezea michezo yake kwa posta. Mshambuliaji aliorodhesha mashambulizi, na kwa kila moja akataja hisa ya kampuni fulani na tarehe ya kufunga soko ambayo bado haijafika. Siku hiyo ikipita, wachezaji wote wawili walifungua gazeti, kila mmoja kwake, wakasoma idadi ya hisa zilizouzwa. Tarakimu ya mwisho ndiyo iliyopelekwa kwenye jedwali la mapigano, linaloonyesha nani ameshinda.

Panapoharibika ni pale pale. Kwanza, tarehe ikiwa imetangulia muhuri wa posta, mshambuliaji anachagua tokeo analolijua, na huo ni wizi. Pili, ukitaja Jumapili au sikukuu, soko limefungwa na vita havina jibu; andikeni mapema kwamba itatumika siku ya soko inayofuata. Tatu, tarakimu ziko kumi na dadu ina pande sita. Tumia 1 hadi 6. Ikija 0, 7, 8 au 9, nenda kwenye hisa ya akiba uliyokwisha kuitaja. Ukizigawa kumi kwa sita kwa nguvu, kuna pande zitakazopendelewa.

Kwenye chesi ya posta, 5254 ni nini?

Ni askari wa e2 kwenda e4. Katika kila jozi, tarakimu ya kwanza ni safu wima, a ikiwa 1 na h ikiwa 8. Ya pili ni mstari. Mfalme mweupe akijificha upande mfupi (castling) ni 5171. Majina ya vipande hubadilika kwa kila lugha, namba hazibadiliki, ndiyo sababu shirikisho la kimataifa la chesi ya posta, ICCF, lililoundwa 1951, lilizitumia. Kila kadi irudie hatua ya mpinzani kabla ya yako, pamoja na tarehe ya kupokea na ya kujibu. Kadi isiyo na tarehe ni mgogoro unaosubiri stempu.

Barua pepe ndiyo iliyoua michezo ya posta?

Barua pepe imeua stempu. Kinachoua mchezo ni mtu anayetoweka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 programu ya Ken Lowe, Judge, ilianza kupokea amri kwa barua pepe na kutoa hukumu yenyewe, lakini hakuna programu inayomwamsha mchezaji aliyechoka kwa sababu amebakiwa na vituo viwili vya kulishia majeshi. Mtu aliyelipa stempu na ada ya jarida alifikiri mara mbili kabla ya kunyamaza. Leo kujiunga ni bure na kutoroka ni bure.

Taifa lisilo na amri husimama lilipo, na jeshi lake likisukumwa huondolewa. Anayefaidi ni jirani aliyekuwa karibu, hata kama hakuwa na akili yoyote. Kwa hiyo mwamuzi awe na mchezaji wa akiba kabla mchezo haujaanza, asianze kumtafuta wakati maiti tayari amelala. Nawe tuma amri za awali siku ile ile matokeo yanapotoka, kisha zibadilishe utakavyo hadi saa ya mwisho. Mwisho huo uandikwe kwa saa za UTC, yaani saa moja kwa dunia nzima, si “Ijumaa usiku”. Usiku wa nani?