Malaika wetu, umeamkaje?

Shikamoo dada. Niko Makorora hapa Tanga, miaka 22. Niliona tangazo la kuchangia mayai ya uzazi, "kuna mama anakusubiri wewe", nikaulizia tu, sasa kila asubuhi meseji "malaika wetu umeamkaje". Nikikataa naona namdhulumu yule mama.

Marahaba mwanangu. Mimi nimekaa miaka tisa kwenye ndoa bila mtoto, kwahiyo kilio cha yule mama nakijua, sio uongo. Ila zipitie tena hizo meseji, umeitwa malaika mara ngapi na sindano imetajwa mara ngapi? Hujasaini kitu, mama mwenyewe humjui hata jina, na ushaanza kubeba deni lake, yani umelainishwa mpaka kukataa unaona ni kumpokonya mtu mtoto. Waandikie hivi: nikiumwa baadae nani atanitibu na kwa pesa ya nani? Afu usubiri wajibu.

Wanasema mayai si yanapotea tu kila mwezi, kweli?

Hapo kuna ukweli, vinaanza kukua vijiyai vingi, kinapevuka kimoja, vingine vinakufa, na dawa zinavikuza vile ambavyo vingekufa. Wanachokiruka ni mwili wako. Unachomwa homoni kila siku, siku 8 mpaka 14 hivi, katikati utrasaundi na kutolewa damu, kisha sindano ya kupevusha, kama saa 36 baadae unapewa dawa ya usingizi na sindano ndefu inapita ukeni kuvuta mayai. Wengine ovari zinavimba, maji yanajaa tumboni, wachache wanalazwa hali mbaya kabisa.

Mbona wanaita zawadi na huku wanalipa?

Ili uone aibu kuuliza bei! Uingereza fidia inajulikana, hadi pauni 985 tangu Oktoba 2024. Marekani wachangiaji walienda mahakamani kupinga ukomo wa malipo, mwaka 2016 chama cha madaktari wa uzazi kikauondoa kwenye miongozo yake. Kuuliza sio tamaa.

Itabaki siri?

Usiamini. Uingereza waliojiandikisha kuchangia kuanzia Aprili 2005, mtoto akifika miaka 18 anaruhusiwa kujua jina la aliyechangia, na kwingine kipimo cha DNA cha mate kinatosha kumfikisha kwa binamu yako. Na kama unajali nasaba, shehe muulize kabla ya sindano ya kwanza, sio baada.