Kona ya Sataranji: d4 ikijibiwa kwa e5

Mwalimu, shikamoo. Kijiweni kwetu kuna kijana, kila nikisogeza kitunda cha malkia (kete ndogo ya mbele yake) hadi d4 (herufi ni safu, namba ni mstari wa ubao) anajibu e5. Si ananigawia kitunda bure? (Nyegezi)

Marahaba. Ndiyo, anakugawia, na wewe ukile. Ufunguzi huo unaitwa Englund Gambit. Ni chambo cha kukutoa kwenye mchezo wa taratibu uliouzoea. Ukishakula e5 ataleta farasi c6, ukitoa farasi f3 ataleta malkia e7, wote wakikiwinda kitunda chako.

Nami nilichezewa ufunguzi huo kwenye kivuko kutoka Nansio, nikafungwa kwa hatua 8 tu! Kitunda changu nilikilinda kwa askofu f4. Nilikosea wapi? (Ukerewe)

Si hapo, askofu f4 ni sawa kabisa. Malkia wake akaja b4 kumtishia mfalme, huku akimtamani askofu wako na kitunda cha b2. Ukarudi na askofu d2, akala b2. Bado ulikuwa salama. Kilichokuua ni kumpeleka askofu c3 ili umfukuze malkia. Akaleta askofu b4, wa kwako akabanwa mbele ya mfalme wako. Ukaweka malkia d2, akala c3, ukala kwa malkia, malkia wake akatua c1. Kwisha. Hata ungekula kwa farasi, ngome ya a1 ilikuwa inakwenda.

Dawa ni farasi c3 badala ya askofu. Askofu wake akija b4, weka ngome b1. Malkia atakimbilia a3. Mfuate kwa ngome b3. Tafadhali panga ubao uzirudie hatua hizi hadi mkono uzizoee. Naumia nikiona mtu mwenye kipaji anafungwa kwa mtego uleule mara tatu.

Englund ni nani? (Igoma)

Fritz Englund, Mswidi aliyeishi 1871 hadi 1933.

Niutumie kwenye mashindano ya shule? (Nyakato)

Kijiweni, sawa. Mashindanoni sikushauri, mwanangu: anayeijua farasi c3 atakuacha na malkia anayekimbizwa ubao mzima. Kama unaipenda e5, tanguliza farasi f6, umngoje mweupe acheze c4, ndipo usukume e5. Hiyo ni Budapest Gambit. Akila, farasi wako anaruka g4, na mara nyingi kitunda unakirudisha. Asipocheza c4, akatoa farasi f3, basi e5 iache siku hiyo.