Mwanangu, huo sio uchovu wa uzazi tu

Mwanangu, voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Unauliza hivi hii hali ya kulia na kukosa usingizi tangu ujifungue ni uchovu wa uzazi utapita wenyewe au unatakiwa ukamuone mtu. Kamuone mtu mama, alafu ngoja nikwambie kwa nini, usije ukadhani mama anaogopa tu.

Mzazi kulia lia siku za mwanzo ni kawaida, siku ya 3, ya 4, unalia hata ukiambiwa umependeza, na ndani ya wiki 2 inakuwa imeisha. Sasa wewe arobaini imepita na bado unajifungia bafuni unafungulia maji ili mumeo asisikie. Wiki 2 zikipita hali iko vile vile au inazidi, hapo hakuna cha kusubiri tena.

Ila kilichonishtua zaidi sio kulia, ni pale uliposema mtoto analala vizuri lakini wewe umekodoa macho mpaka adhana ya alfajiri. Mzazi aliyechoka akipata dakika 10 anasinzia hata na kikombe cha uji wa pilipili manga mkononi. Wewe nafasi ya kulala unayo na usingizi hauji, chakula hakipiti, mtoto akilia unamwangalia kama wa jirani alafu unajiona mama mbaya. We sio mama mbaya hata kidogo, hiyo ni sonona ya baada ya kujifungua, ni ugonjwa na unatibika.

Watakwambia kuna mtu kakuangalia vibaya, watakwambia piga dua. Dua tunapiga, mimi nakuombea kila swala, na hospitali tunaenda.

Jumatatu si ni chanjo ya wiki ya 10? Ukifika kliniki usiishie kupima uzito wa mtoto, mwambie nesi “na mimi siko sawa”, mwambie hivyo hivyo. Waangalie na damu maana ikipungua nayo inachosha sana. Kama ni rufaa, hapo Mwanza hospitali ya Bugando wana madaktari wa afya ya akili. Kuna maswali 10 wanaweza kukuuliza kuhusu siku 7 zilizopita, la mwisho ni kama umewaza kujidhuru, nakuomba jibu ukweli, hakuna atakayekuandika chizi. Wakitaka kukupa dawa sema unanyonyesha, zipo ambazo mama anayenyonyesha anatumia.

Lakini ukianza kusikia sauti, au likaja wazo la kujiua au kumdhuru mtoto, hapo usingoje Jumatatu wala usiningoje mimi, mwamshe mumeo muende emajensi usiku huo huo. Na yeye mwambie leo, asijue kwa kubahatisha.

Tiketi nishakata, Jumapili nafika. Jumatatu tunaenda wote, mtoto nitambeba mimi, we ingia uongee mpaka umalize.

Mama yako