Simenti ya mgongo imeachia?

Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 71, tupo Kirumba, aliwekewa simenti ya mfupa (ile inayodungwa kwa sindano kisha inaganda) kwenye pingili ya mgongo iliyopondeka, maumivu yakaisha kabisa, sasa juzi kainama kunyanyua ndoo ya dagaa mgongo ukalia ka! na panauma juu kidogo ya pale pa zamani. Simenti imeachia au?

Marahaba. Mi nahisi pingili ya jirani ndo imevunjika, maana ile simenti ni ngumu kuliko mfupa wenyewe, kwa hiyo inaikandamiza ya jirani, na ikivujia kwenye diski (kile kimto laini kati ya pingili) hatari inazidi, halafu mifupa yake bado ni dhaifu vilevile, simenti haitibu hilo. Apigwe eksirei, ikibidi MRI (kile kipimo cha picha cha sumaku), aulizie na dawa za kuimarisha mifupa. Ndoo abebe mwingine jamani! Miguu ikifa ganzi au mkojo ukigoma, hospitali usiku huohuo.