Ukileta Paka Mdogo, Anza na Mkubwa

Bi Mkubwa alikuwa na miaka 9 Bizari alipoingia nyumbani. Miaka yote hiyo alikuwa paka pekee wa nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga. Ukumbi ulikuwa wake, ua wake, kigoda cha karibu na mlango wa jikoni chake, na nikirudi sokoni kichwa cha kibua cha kwanza kilikuwa chake. Bizari alikuwa na wiki 8 hivi, manjano kama jina lake. Binti yangu alimwokota kwenye mtaro masika yalipoanza. Nilimfuta maji kwa kanga, nikamtua katikati ya ukumbi mbele ya mwenyeji wake, nikasema, "Haya, mdogo wako huyo."

Bi Mkubwa alifutua manyoya mpaka mkia ukawa kama mchi. Akatoa ile sauti ya "khhh", akampiga mtoto kofi moja lenye makucha. Damu ilitoka chini ya jicho la kushoto, na kati ya jeraha na jicho palikuwa na nafasi ya punje ya mchele tu. Kisha akaruka ukuta wa ua, akapanda paa la jirani, asirudi mpaka usiku wa pili. Aliporudi hakugusa chakula. Alikwenda moja kwa moja kwenye godoro langu, akakojoa.

Nilimgombeza, na hilo lilikuwa kosa la pili. Jirani yangu, mama mtu mzima aliyefuga paka tangu usichana wake, ndiye aliyenifumbua macho. "Mwanangu," aliniambia, "umemletea mke mwenza bila kumwambia, halafu unamlaumu kwa kununa."

Tangu siku hiyo naiona kazi hii kwa jicho jingine. Huruma yetu yote humwendea mtoto, kwa kuwa ni mdogo na analia. Lakini mtoto akipata joto na chakula huzoea haraka. Anayepoteza kitu ni yule mkubwa: nyumba aliyoijua kila kona imeingiwa na harufu ya mnyama mwingine, na mikono iliyokuwa ikimshika yeye inanuka mtu mwingine. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kumtuliza mwenyeji.

Nilianza upya. Nyumba yetu ni ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, kwa hiyo kupata chumba cha kufunga haikuwa taabu. Bizari alihamia chumba cha mwisho na beseni la mchanga, maji, boksi lenye kitambaa, na binti yangu wa kumchezesha. Wenye chumba kimoja wafanye kama jirani yangu huyo: hutumia tenga kubwa la kuku lililofunikwa kanga, analiweka pembeni kabisa mbali na njia ya paka mkubwa. Si raha kama chumba, lakini linafaa.

Kumtenga huko kuna faida nyingine. Paka wa mtaroni huja na viroboto, minyoo, mafua ya macho, hata ule ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoua haraka paka wasiochanjwa. Mpe wiki 2 kabla hawajakaribiana, na daktari wa mifugo amwone ndani ya siku hizo: dawa ya minyoo, chanjo, na akifika miezi 3 chanjo ya kichaa cha mbwa. Hakikisha na mkubwa amechanjwa. Na tafadhali, kuwa mwangalifu na dawa ya viroboto. Dukani nilipewa chupa yenye picha ya mbwa, nikaambiwa "yote ni mamoja". Si mamoja. Dawa nyingi za mbwa zina permethrini, na hiyo humtia paka mtetemeko na degedege, huweza kumuua. Kama huna uhakika, tumia kichana chenye meno membamba na bakuli la maji ya sabuni, uwatoe mmoja mmoja. Mimi nilifanya hivyo siku 6.

Sasa nije kwenye harufu, maana hapo ndipo mambo yote yanapoamuliwa. Paka humtambua mwenzake kwa pua kabla ya macho. Mashavuni, karibu na mizizi ya sharubu, ana tezi zinazotoa harufu yake, ndiyo maana hujisugua kwenye miguu yako na kwenye kiti: anaandika jina lake. Nilichana kanga kuukuu vipande viwili. Kimoja nilimpangusia Bizari mashavuni, nikakiweka ukumbini, mbali kidogo na sahani ya Bi Mkubwa. Kingine nilimpangusia Bi Mkubwa wakati anakoroma kwa raha, nikakipeleka chumbani kwa mtoto.

Siku ya kwanza Bi Mkubwa alikinusa kile kitambaa, akakifokea, akaondoka. Siku ya tatu alikipita kama hakioni. Siku ya tano nilimkuta amekilalia. Hapo ndipo nilipohamisha sahani.

Kula mlangoni ni hivi: mlango umefungwa, mdogo anakula ndani, mkubwa anakula nje, sahani zote mbili mbali na mlango. Kila mlo unazisogeza kidogo, kiganja kimoja kimoja. Mkubwa akiacha kula na kuukodolea macho mlango, umeharakisha. Rudisha sahani nyuma. Wakati huo nilimpa Bi Mkubwa vitu anavyovipenda sana, maini ya kuku na dagaa waliochemshwa bila chumvi, na sikumpa mahali pengine popote. Nilitaka harufu ya Bizari na ladha ya maini zije pamoja. Jioni moja nilimwona Bizari amepenyeza mkono wake mdogo chini ya mlango, vidole vimetanuka, anapapasa sakafu ya ukumbini. Bi Mkubwa aliutazama muda mrefu. Akaunusa. Akarudi kwenye maini yake.

Baada ya hapo fundi alinitengenezea fremu ya mbao yenye wavu wa dirisha, nikaisimamisha mlangoni ili waonane bila kufikiana. Wiki nzima. Kufoka kidogo si neno.

Siku ya kuwakutanisha, mchezeshe kwanza mtoto mpaka achoke, kwa maana kinachomkera paka mzee ni kurukiwa mkia. Dakika 10 zinatosha, na uwatenganishe wakati bado kuna amani. Kucheza kwao kuna kimya na kupokezana: huyu chini, kisha yule. Ugomvi una mayowe, masikio yamelazwa nyuma, manyoya yamesimama. Ukiona hivyo usitie mkono, jino la paka huingia ndani na jeraha huoza. Warushie kanga, au sukuma mto katikati. Na usimpige mkubwa kamwe. Atajifunza tu kwamba huyu mtoto akija, kipigo kinakuja.

Vyombo vyao visiwe vya shirika. Sahani mbali mbali, mabeseni ya mchanga matatu kwa paka wawili, na mkubwa awe na mahali pa juu ambapo mtoto hafiki. Kwangu ni juu ya kabati la vyombo. Mtoto usimpe maziwa ya ng'ombe, wengi huwaharisha. Bizari, kwa kuwa ni dume, alihasiwa alipofika miezi 6, kabla hajaanza kunyunyiza mkojo kwenye kuta.

Kitu kimoja usikingoje kipite chenyewe: paka mkubwa akisusa chakula siku 2 mfululizo, mpeleke kwa daktari. Paka asiyekula, hasa aliyenona, ini lake huharibika upesi. Zile siku za paa la jirani bado zinaniuma kwa sababu hiyo.

Kutoka siku niliyoanza upya mpaka siku niliyoacha mlango wazi usiku kucha, zilipita siku 41. Wengine huchukua wiki 2, wengine miezi. Hawa wangu hawalali pamoja wala hawalambani. Joto la kaskazi likizidi hulala wote kwenye saruji ya ukumbi penye ubaridi, kati yao shubiri mbili hivi, migongo imetazamana. Nikirudi na samaki, kichwa cha kwanza bado ni cha Bi Mkubwa, na Bizari hukaa nyuma yake akingoja cha pili.