Kizima mwali kwenye bastola: kina faida?

Sheikh, umeuliza kama kile kidude cha kupunguza mwali mdomoni mwa bastola kinafaa kitu. Mimi nilibeba silaha kazini miaka mingi kabla ya kustaafu hapa Malindi, na jibu langu ni: kwa bunduki ndefu, ndiyo, kwa bastola, karibu hakuna.

Ule mwali ni gesi ya moto ya baruti inayotoka mtutuni, ikikutana na hewa inawaka upya. Kidude kinaichanganya na hewa na kuitawanya ipoe upesi. Lengo lake hasa si kukuficha na adui, kama wengi wanavyodhani, bali kulinda macho yako mwenyewe gizani. Waulize wavuvi wa Shela: ukiikodolea karabai halafu ugeuke baharini, huoni hata ngalawa iliyo mbele yako.

Sasa, bastola ya milimita 9 inachoma baruti kidogo tu, na risasi nyingi za kisasa za kujilinda zina baruti iliyotiwa chumvi za potasiamu za kufifisha mwali. Kubadilisha risasi kunasaidia kuliko chuma cha ziada. Tena bastola nyingi mtutu wake huinama kidogo kila ukifyatua. Ukiuongezea uzito mbele, inaweza kuanza kukwama. Na kwenye ala haiingii!

Usikichanganye na kiwambo cha sauti, kile cha kupunguza mlio wa risasi, hicho ni kitu kingine kabisa. Na usifunge chochote kabla ya kuuliza Bodi ya Leseni za Silaha.