C ya tarumbeta na C ya kinanda: kwa nini zinagongana na jinsi ya kuzipatanisha

Mkuu, umesema umewapa wapiga tarumbeta na saksafoni nakala ya nota unazosoma wewe kwenye kinanda, kila mmoja anapiga kilichoandikwa, na bado sauti zinagombana. Hao wapigaji hawana kosa. Wanahitaji nakala zao wenyewe.

Anzia kwenye kinanda, maana ndicho kipimo. Tafuta vitufe vyeusi viwili vilivyokaa pamoja. Cheupe kinachogusana navyo upande wa kushoto ni C. Kutoka kitufe kimoja hadi jirani yake, ukihesabu vyeupe na vyeusi vyote, ni nusu toni. Ukipanda nusu toni 12 unafika C nyingine; umbali huo ndio oktava. Kati ya E na F, vilevile kati ya B na C, hakuna cheusi, na hapo ndipo hesabu za wengi huharibika.

Tarumbeta ya kawaida ni ya B flati (flati ni nusu toni chini ya nota yenyewe). Mpigaji akisoma C, inayosikika ni B flati ya kinanda, yaani toni nzima (nusu toni 2) chini. Klarineti ya kawaida iko hivyohivyo. Saksafoni tena pia, ila yenyewe inashuka oktava moja zaidi. Saksafoni alto ni ya E flati: C yake husikika nusu toni 9 chini. Mpangilio huu unamwezesha mpiga saksafoni kuhama kutoka alto kwenda tena bila kujifunza vidole upya. Filimbi ya kizungu na tromboni kwa kawaida husoma nota za kinanda kama zilivyo. Gitaa nalo, jina la nota halibadiliki, ila linasikika oktava moja chini ya kilichoandikwa.

Kwa hiyo unapowaandikia, mpiga tarumbeta mpandishe nusu toni 2. Wa alto mshushe nusu toni 3, halafu inua oktava moja. Wimbo ukiwa kwenye ufunguo wa G, tarumbeta inapiga A yenye shapu 3 (nota tatu zilizopandishwa nusu toni), alto inapiga E yenye shapu 4. Kosa la kila siku ni kugeuza upande: ukimshusha wa tarumbeta hadi F badala ya kumpandisha, itasikika E flati juu ya G yako, na hiyo haivumiliki.

Kama kwaya yenu inaimba kwa solfa, mna njia ya mkato nzuri sana. Usiandike upya chochote. Mwambie wa tarumbeta "do yako ni A", wa alto "do yako ni E", nawe do yako ni G. Wote wasome d r m f s l t zilezile. Sharti ni moja tu: kila mmoja awe ameizoea skeli (ngazi ya nota) ya do yake mpaka vidole viende vyenyewe.

Angalia sana kitufe cha transipozi, kile kinachopandisha au kushusha sauti ya kinanda kizima kwa nusu toni. Ukipiga kwa vidole vya C huku umeweka -5, kinachosikika ni G. Wape wenzako ufunguo unaosikika, wasifuate vidole vyako. Na wimbo ukiisha, irudishe sifuri papo hapo.

Ukiwa na uhuru wa kuchagua, F na B flati ni rafiki kwa wapuliza. Kwenye F tarumbeta inapata G, alto inapata D. Mpiga gitaa afunge kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote) kwenye freti ya 3: F atapiga kwa maumbo ya D, B flati kwa maumbo ya G.

Kuhusu kutyuni, yaani kulinganisha sauti za ala: hakikisha kwanza kinanda kiko A 440 (A inayotetema mara 440 kwa sekunde). Wapuliza wapashe ala moto kwa dakika chache, kwa sababu ala baridi hushuka sauti. Kisha toa B flati. Tarumbeta ipige C yake, alto G yake. Tarumbeta ikiwa juu, avute nje kidogo bomba la kutyuni. Ikiwa chini, alisukume ndani. Alto ikiwa juu, mdomo wa ala (kipande cha kupulizia) uvutwe nje kidogo kwenye koki, ile sehemu ya kizibo unapochomekwa; ikiwa chini, usukumwe ndani.